Kidole Kilichokunjwa

"Mgeni, piga basi, au hiyo fidla imekuja kunywa tu?" mzee wa filimbi alimtania yule binti aliyetoka Uingereza.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kwenye baa yetu huku Clare, Ireland. Binti akacheka, akaweka fidla begani, akaanza wimbo ambao hapa kijijini kila mtu anaujua.

Alipofika katikati, akaruka sauti moja na kugonga mguu sakafuni.

Tukageuka sote kumtazama. Kwingineko kote Ireland sauti ile hupigwa. Ni sisi tu tunaoiruka, kwa sababu wazee wetu waliupokea wimbo kwa baba yangu, Colman, ambaye kidole chake kidogo kilikatwa na jembe akichimba udongo wa kinamasi ambao huku tunaukausha kuwa kuni. Pale kidole kilipohitajika, aligonga mguu. Nilikuwa na miaka sita alipokwenda Uingereza kujenga barabara. Hakurudi, wala hakuandika.

Nikautazama mkono wa binti. Kidole chake kidogo kilikuwa kizima, ila alikuwa amekikunja kama kitu kisicho na kazi.

"Dada, mbona hukitumii hicho kidole?"

"Hiki?" Akakiangalia kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Baba ndiye aliyenifundisha. Nilidhani fidla inapigwa hivi."

"Yuko wapi huyo baba yako?"

"Nje, kwenye gari. Kaniambia nitangulie niupige huu, halafu nikamwambie ni nani aliyemuulizia."