Hodi Kwenye Seva

Mwanakheri alimaliza kufunga seva ya mikutano ya video chumbani kwa marehemu mama yake, ili ndugu zake walioko ughaibuni waione khitma, kisomo cha kumwombea. Anwani ya kuingilia hakuwa amempa mtu yeyote. Alipofungua mkutano ajaribu picha, kisanduku cheusi kikatokea kando ya sura yake.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema.

"Karibu, pita," akaitikia bila kufikiri, kama alivyofunzwa na mama.

Kisanduku kikaingia mwanga. Akauona mgongo wake mwenyewe na mtandio wake wa kijani, kama vinavyoonekana kutoka mlangoni.

"Nani wewe?"

Nyuma yake alisikia kandambili zikivuliwa taratibu, moja, kisha ya pili, kama za mtu aliyerudi chumbani kwake.