Ramani ya Lusajo

Lightness alibofya Mlalo, kikafunguka kikokotoo. Akabofya Mtae, kompyuta ikapiga kwaya kwa sauti ya juu kabisa. Akabofya Rangwi kwa woga, hakikufunguka kitu.

"Rangwi ni mara mbili, haraka haraka," Lusajo alimwambia kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Utazoea tu, dada."

Hakuwa na nia hata kidogo azoee. Jumamosi Bi Mwanasha, mwenye steshenari, alimwambia kuna binti anakuja kutoka Zirai, akaongeza maneno manne: "Mfundishe kazi yako yote." Lusajo aliwahi kumwona mtu akifundisha kazi yake yote. Wiki ya pili mtu huyo alikuwa nyumbani anachambua maharage. Na yeye Lusajo ametoka Tukuyu, hana shangazi wala binamu Lushoto nzima wa kumsemea. Alichokuwa nacho ni ile kompyuta ya dukani.

Basi Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alijifungia dukani akaigeuza. Aliuficha ule mstari wa chini wenye kitufe cha kuanzia. Akazivua ikoni zote sura na majina mpaka zisionekane. Akaijaza skrini nzima picha ya ramani ya wilaya, kisha akazipanda zile ikoni juu ya vijiji, kila moja na sababu yake. Printa aliiweka Rangwi, maana misheni ya huko haiishi karatasi za kuchapa. Intaneti ikakaa Soni, kwa kuwa anayeshuka mjini hupita Soni. Pipa la taka akalitupa Mnazi, kule bondeni, ambako kila kinachoporomoka kutoka mlimani huishia.

Alirudi nyuma hatua mbili, akajipongeza kwa jina la fundi. Jumatatu asubuhi fundi huyohuyo aliitupa Mnazi barua ya posa ya mteja, akahangaika nusu saa kuitafuta kijiji kwa kijiji. Lakini hilo halikuonwa na mtu, kwa hiyo halikuhesabika.

"Kaka Lusajo, mimi wa Zirai," Lightness alilalamika. "Vijiji vya huku sivijui."

"Ndiyo uvijue sasa," akajibu fundi.

Bi Mwanasha alishinda wiki ile akipanda na kushuka mlima, rangi nyeupe ya ukutani imemganda kuchani. Alhamisi alipita kaunta, mkononi ana funguo mpya zilizobandikwa kikaratasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo bado yuko Korogwe?"

"Yupo, mama. Bado ni muuguzi kulekule."

"Na joto la Korogwe unalivumilia?"

"Nikienda mwisho wa mwezi nalivumilia."

"Vizuri," akasema, akaenda zake akizichezesha zile funguo.

Lusajo alizifuata funguo kwa macho. Bosi akianza kukuuliza mkeo yuko wapi, anakuonyesha njia ya kumfuata. Na funguo zile ni za nani kama si za Lightness? Miaka miwili alikuwa ametafuta kazi Korogwe ili aishi na mkewe Esta, akakosa. Sasa angeshuka mikono mitupu, akalishwe na mkewe kama kuku wa kufugwa. Jioni ile, kabla ya kufunga duka, aliihamisha printa kutoka Rangwi akaipeleka Mlola.

Ijumaa akaja katekista Nikodemo na barua ya parokia. Bi Mwanasha akavuta stuli, akaketi.

"Leo Lightness peke yake. Lusajo, mikono mfukoni."

Binti aliichapa barua vizuri, vidole vikikimbia bila kuangaliwa. Kisha ukafika wakati wa printa. Lightness akabofya Rangwi mara mbili, haraka haraka. Kimya. Akabofya Mtae, kwaya ikaanza. Nikodemo akavua kofia. Lightness akaishika barua kwa kipanya, akaiburuta huku na huku juu ya milima, mpaka ikatoweka.

"Barua yangu iko wapi?" Nikodemo akauliza.

"Mnazi," Lusajo akamjibu.

"Mbona mbali!"

Machozi yakamtoka Lightness. "Mama, mimi naweza kompyuta yoyote. Hii tu ndiyo siiwezi."

Lusajo aliona aibu, aibu ya kweli, akajiona mdogo kuliko kile kipanya. Lakini haikudumu. Alijongea, akabofya hapa na pale, na kabla kwaya haijamaliza ubeti barua ilikuwa mkononi mwa katekista.

Bi Mwanasha aliitazama ramani, akamgeukia Lusajo.

"Kwa hiyo wewe usipokuwepo, duka limefungwa."

"Ndivyo ilivyo, mama," Lusajo alisema, akishindwa kulificha tabasamu.

"Nimekubali. Wewe huondoki hapa."

Kidogo amkumbatie katekista. Akili yake ilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Esta kwenye simu, namna walivyotaka kumng'oa mumewe asing'oke.

Bi Mwanasha akazitoa zile funguo mkobani. "Usilie, Lightness. Kompyuta sita za kule ni mpya, hakuna aliyezichezea." Akakibandua kile kikaratasi, akakiacha mezani karibu na kipanya, akamkabidhi binti funguo.

Kikaratasi kilikuwa na mwandiko wa Bi Mwanasha mwenyewe: *Ofisi ya Korogwe. Meneja: Lusajo.*