Filamu ya Kumshusha Mama

Filamu ya kumi Rogathe aliikataa kabla haijafika dakika moja.

"Hapana, kaka Jabiri. Weka nyingine."

Jabiri alishusha pumzi. Kibanda chake kilikuwa jirani na stendi ya Same, na watu walimwamini: unampa fleshi, unamwambia nyumbani mko wangapi na nani mkali, naye anakuwekea filamu zinazowafaa. Mteja wa namna hii hakuwahi kumpata.

"Dada, unachagua filamu au mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshapata. Weka iliyotafsiriwa, na iwe mpya. Zile za mwaka jana Mama ameshazikariri."

Nje, gari la kupanda Chome, kijijini kwao, lilipiga honi. Lilikuwa hilo hilo moja, likiondoka hakuna jingine mpaka kesho. Na kesho alfajiri ndipo Mama alitakiwa kushushwa hospitali kupasuliwa uvimbe. Daktari alishasema wiki hii isipite. Mama alikataa mara mbili. Juzi tu ndiyo akalegea, tena kwa sharti lililomshangaza kila mtu.

"Nileteeni filamu mpya, nzuri. Nikae na wanangu wote niimalize. Baada ya hapo nitashuka."

Baba yake Rogathe, Mzee Loth, aliona ni utoto unaoletwa na maumivu. "Mtu anaumwa, anataka sinema!" alifoka. Lakini asubuhi alionekana juu ya bati, anapangusa paneli ya sola kwa fulana yake.

Jabiri akaweka ya kumi na moja. Rogathe alibana hedifoni kwenye sikio moja, uso kaugeuzia barabarani, gari lilipo.

"Sasa mbona huangalii?"

"Mama macho yake si mazuri. Anafuata maneno ya msimuliaji anayeitafsiri."

"Basi hiyo hiyo! Mapenzi, vicheko, hakuna anayekufa. Mnaangalia na mkwe bila aibu."

"Hapana."

Ya kumi na mbili ilikuwa ya vita. Hapana. Ya kumi na tatu ilikuwa ya mchungaji na wezi, Jabiri aliisifia mpaka akasimama. Hapana. Honi ikalia tena, ndefu, na kondakta akaanza kuita majina ya waliobaki. Rogathe alikuwa ameuzungusha mkanda wa kipochi kwenye kidole mpaka kidole kimekuwa cheupe.

Ya kumi na nne hakusema hapana. Aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa meza.

"Hii imeingia lini?"

"Ijumaa. Ila hiyo usichukue, dada yangu. Picha ina giza, hadithi haina kichwa, stelingi mwenyewe mwoga. Utakuja kunilaumu."

"Niwekee hiyo."

"Na nyingine mbili tatu za akiba?"

"Hiyo tu."

Gari alilidandia likiwa limeshaanza kutembea.

Alifika nyumbani saa kumi, ukungu umeshashuka mpaka kwenye migomba. Sebuleni mdogo wake Beatha alikuwa amepanga viti vitano. Mzee Loth alivihesabu kwa macho, akakivuta kimoja na kukirudisha ukutani. Kilikuwa cha Elinaza, mtoto wa kwanza. Miaka minne iliyopita alikataa chuo cha uinjilisti, akaondoka na begi moja. Siku ile Mzee alisema jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yake. Halikutajwa.

Mama hakutaka kiti. Alikaa pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, ungo wa maharage mapajani, televisheni kaipa kisogo.

"Mama, si usogee mbele?" Beatha alimwambia. "Filamu yenyewe umeitaka wewe."

"Hapa panatosha. Iwasheni."

Ilikuwa mbaya kweli. Watu walikimbizana gizani, hujui nani anamkimbiza nani, na msimuliaji ndiye aliyekuwa akihangaika kuwapa majina. Beatha alicheka mahali pasipochekesha. Rogathe hakuitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama mikono ya Mama, na kila ilipopunguza mwendo, naye aliacha kuhema.

"Umeshinda Same kutwa nzima kuchagua hii?" Mzee Loth aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Hata mbuzi angechagua nzuri zaidi."

Kitaa cha betri ya sola kikageuka chekundu. Mzee alichukua rimoti, akaielekeza mbele. Kisha mkono ukabaki hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

"Baba, usizime," Rogathe alisema.

"Nani kasema nazima?"

Kwenye televisheni stelingi aliingia pangoni kujificha. Msimuliaji akatumia nafasi hiyo, kama kawaida yao, kusalimia watu wake.

"Huyu bwana mwacheni apumue kwanza. Mimi niwasalimie watazamaji wangu. Wa Same mjini, mambo? Wa kule juu Chome, poleni na ukungu. Na wewe mama uliyekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, unachambua maharage huku televisheni umeipa kisogo, shikamoo."

Mama aliweka ungo chini.

"Marahaba, Elinaza," akasema. "Kesho nashuka."

Mzee Loth, rimoti bado iko mkononi, akaongeza sauti.