Wiki ya Sita ya Bawasiri

Fundi cherehani alikuwa analia tena bafuni. Mkewe alisimama nje ya mlango na birika mkononi, akamsikia akikata pumzi kama mtoto aliyechapwa.

"Baba, nikuongezee maji ya moto?"

"Yanatosha, mama. Yanatuliza kidogo."

Ilikuwa wiki ya sita tangu apasuliwe bawasiri. Asubuhi na jioni mkewe alimwandalia beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Alimkatia mapapai ili choo kiwe laini. Hata mto wenye tundu katikati alimshonea, yeye ambaye kifungo tu kilikuwa kinamshinda. Yote hayo aliyafanya vizuri, lakini mapenzi yalikuwa yamekwisha.

Miezi mitatu nyuma walimzika binti yao wa pekee, na huyu baba hakudondosha chozi. Alisimama kaburini macho makavu, watu wakamsifu, "Huyo ndiye mwanamume." Tangu siku hiyo hakulitaja hata jina la mtoto. Leo machozi yanambubujika kwa ajili ya makalio! Mke alimchukia, wala hakujidanganya kwamba hamchukii.

"Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alimwambia dada yake kwenye simu. "Huyu wangu anaujua wa kidonda chake tu. Akipona naondoka. Sanduku liko tayari."

Kumwacha akiwa mgonjwa asingeweza, watu wangesemaje? Basi siku hiyo alifunga safari mwenyewe hadi kwa daktari aliyempasua mumewe, akaombe dawa kali zaidi, mambo yaishe.

Daktari alimsikiliza, akafungua faili, akasoma, kisha akavua miwani.

"Mama, kidonda kilipona wiki ya tatu. Nilimpima mwenyewe, nikamwambia arudi kazini."

"Kimepona vipi, daktari? Mtu analia kila siku, asubuhi na jioni! Mimi ndiye ninayempelekea maji."

Daktari alilifunga faili.

"Nilimwambia hata hayo maji hayahitaji tena. Akaniomba sana nisikuambie. Alisema pale bafuni ndipo anapoweza kumlilia binti yenu, nawe ukidhani ni kidonda."