Ulijifunza Wapi?

Tangu asubuhi, Tume ya vyuo ilipokifuta chuo alichosomea, Nakijwa hakuwa daktari tena. Sheria ilikuwa wazi: chuo kikifutwa, elimu yake nayo inafutwa, hata ndani ya nyumba yako. Na anayefundisha bila kibali, jela. Bangili ya Tume, isiyovulika mkononi, ndiyo iliyosimamia hayo yote.

Mchana mwanawe Eliudi akabanwa na pumu, mbavu zikimwingia ndani kila alipovuta pumzi. Nakijwa alipochukua dawa kabatini, bangili ikatetemeka.

“Ulijifunza wapi kutumia hii?” iliuliza.

Mama mkwe wake akamaka. “We Nakijwa! Mtoto anatufia, nawe umeduwaa? Ijibu chochote!”

“Kwa mama yangu,” Nakijwa akasema. “Nilipokuwa mdogo.”

Bangili ikanyamaza. Akampulizia mtoto dawa, tena na tena, mpaka rangi ikarudi midomoni. Mama mkwe akaketi sakafuni, akilia na kumshukuru Mungu.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa mama yake Nakijwa, kutoka Usangi, akinong'ona.

“Mwanangu, watu wa Tume wamejaa hapa uani. Wanataka kibali changu cha kufundisha udaktari. Niwaambie nini?”