Mtungi wa Bi Kibibi

Hebu niambie wewe: mama ambaye magoti yamemgomea, hawezi kushuka bondeni kuteka, maji ya mtungini mwake hutoka wapi?

Swali hilo Mrisho aliliuliza mbele ya mkutano wa kijiji, huko Makote, mwaka wa pili mfululizo mvua ilipokatika kabla mahindi hayajabeba. Aliuliza huku amemnyooshea kidole Bi Kibibi, aliyekaa mkekani peke yake, kanga yake ya kijani imefifia pindoni.

"Sisi tunapanda mlima na ndoo moja kichwani, haitoshi hata kupikia. Yeye mtungi umejaa. Mvua ameifunga huyu. Ahame."

Mujibu alisimama. Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wake Bi Kibibi, mwalimu huko Masasi. Aliposikia habari alidandia lori la wanunuzi binafsi wa korosho, wale walioanza kumiminika biashara ilipofunguliwa, lilipokwama njiani akamalizia kwa miguu, akafika na vumbi lake mpaka kwenye nyusi.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba."

"Mvua haifungwi na mtu. Dunia inazidi joto. Nchi za mbali zimechoma makaa na mafuta viwandani miaka mingi, na hewa yake chafu imekaa juu yetu, inazuia joto lisitoke. Ni kama umefunga madirisha huku jiko linawaka ndani. Misimu inavurugika."

"Moshi wa Ulaya ufike Makote?" Mrisho alisema. "Lori lako lenyewe limekwama Kitangari tangu asubuhi."

Watu walicheka. Basi ubishi ukaanza. Huyu anasema ni salfa tunayopulizia mikorosho, tangu kila mtu ajinunulie yake anapulizia anavyotaka. Yule anasema ni miti, imeishia yote kwenye magunia ya mkaa. Mujibu akakubali kwamba miti ina sehemu yake, lakini mama yake mkubwa hana.

"Nani aliyeanza kusema ni yeye? Ajitokeze tumwone."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameyasikia kwa mwenzake, kisimani.

Bi Kibibi alimvuta shati. "Yaache, mwanangu."

"Usiogope, mama mkubwa. Sitaondoka mpaka wakuache."

"Na mtungi?" Mrisho aliuliza tena. "Mwalimu hajasema habari za mtungi."

Mama Sophia, jirani wa nyumba ya pili, aliinuka polepole, macho yake chini.

"Maji ni yangu. Kila alfajiri namwachia kidogo mlangoni, ili moyo wake ulainike, aifungue mvua."

"Hata mimi," mwingine akasema nyuma.

"Na mimi," akasema mke wa Mrisho.

Mrisho akakaa.

Mwenyekiti Sadallah alikohoa. "Basi mmesikia maneno ya mwalimu, na mtungi tumeuelewa. Mama huyu hana kosa. Maji hayo kanywesheni watoto wenu."

Wanawake walipumua. Mmoja alicheka, wote wakacheka, wakamjia Bi Kibibi kumshika mkono, mmoja mmoja, kumwomba radhi. Yeye aliitikia kila mmoja kwa sauti ndogo.

Walipofika nyumbani, Mujibu aliteka kata moja mtungini, akanywa yote, akajifuta mdomo.

"Umeona, mama mkubwa? Kuanzia leo hakuna atakayekuogopa."

Bi Kibibi aliuinamisha mtungi, akatazama yaliyobaki chini, kisha akausimamisha tena taratibu, asimwage hata tone.

"Niliwapigia hodi wote, mwanangu, kwa adabu. Kila mlango uliniambia kesho." Aliufunika mtungi. "Uliuliza nani aliyeanza yale maneno. Ni mimi. Nilitaka maji."