Redio Isiyokoroma

Sabra alilitoa godoro la mkwewe, zito kwa mkojo, akalibwaga juu ya uzio.

"Wee shoga! Umeninyamazishia redio!" Zuhura, jirani yake, akatoka mbio.

Upande wake wa uzio Zuhura alikuwa ameegemeza kidude bapa kinachotazama juu, waya wake ukiingia dirishani kwenye redio mpya. Aliletewa kutoka Dar es Salaam. Na nani, hakusema.

Sabra akalisogeza godoro. Taarabu ikarudi, safi kama mwimbaji yumo ndani.

"Redio yangu ingekoroma kwanza," akasema.

"Yako ya kizamani, mwenzangu. Hii, sauti inageuzwa namba, namba zinapitia setilaiti, redio inazigeuza sauti tena. Haina mikwaruzo. Ila ukiiziba, kimya. Haina nusunusu."

Akaingia ndani, akafunga mlango na dirisha, akapunguza sauti. Siku hizi anajifungia mchana, na joto lote hili.

Sabra hakuwa na nguvu hata ya kuona wivu. Chumbani mkwewe, Bi Asha, alikuwa akiuliza lile lile: "Idrisa kaja?"

"Bado, mama."

Bi Asha hakuwa anakula tena. Kulala na kuamka Sabra aliomba kitu kimoja tu: asife kabla hajamwona mwanawe.

Simu ikalia. Idrisa, mumewe, aliyekwenda Dar kutafuta kazi. Sabra akatoka nayo uani, mkwewe asisikie.

"Mama vipi?" Idrisa aliongea chinichini, kama mgonjwa ni yeye.

"Anakutaja wewe tu. Safari hii hatoboi, Baba Latifa. Njoo."

"Nije vipi? Mabasi yamekwama kwenye tope huko Rufiji. Mwambie avumilie."

Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa akiimba. Angalau mwenzangu anaburudika, Sabra akawaza. Akaibana simu kwa bega, akaligeuza godoro likauke upande wa pili. Likamponyoka, likaangukia ng'ambo ya uzio.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Haloo? Umekatika?"

"Nipo, nakusikia," Idrisa akajibu.

Sabra akalivuta godoro. Wimbo ukarudi simuni. Akaliachia. Kimya.

Akaishusha simu, akaligeukia dirisha la Zuhura.

"Baba Latifa," akaita, bila kupandisha sauti sana, "hapa katikati hakuna tope. Vuka uje umgeuze mama yako. Mimi mikono imeniisha."